Mama Twende na Vidonge vya Kukausha Shuka

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, zamu ya mchana itakapokwisha, muuguzi mkuu wa nyumba yetu ya kulelea wazee atakabidhi funguo za kabati la dawa na kwenda zake nyumbani. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na mmoja. Alikuja akiwa binti mwenye cheti kipya na viatu vya kubana. Anaondoka akiwa bibi mwenye wajukuu, goti moja likiwa limeshagoma na la pili likiwa mbioni kugoma.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu chumba changu cha kufulia kimepakana na ofisi yake, na kuta zetu ni nyembamba. Nimeambiwa pia niweke mambo ya kuchekesha. Yapo, nitayataja. Lakini kazi ya mama huyu kwa sehemu kubwa haikuwa ya kuchekesha, na ningeipaka sukari angenirudishia karatasi yangu mwenyewe.

Jina lake la kwenye vyeti halitumiki hapa. Wazee, wahudumu, hata mleta gesi, wote wanamwita Mama Twende. Ukimuuliza mzee kama anataka kwenda chooni atakuambia hapana, kwa aibu, hata kama amebanwa hadi machozi yanamlenga. Mama Twende hakuwahi kuuliza. Alimshika mzee kiwiko, akasema, "Twende, babu," kama vile wana safari yao waliyopanga tangu jana, na babu akainuka.

Alianzia upande wa wanaume. Huko alimkuta mzee mmoja aliyeendesha malori maisha yake yote, sisi tukimwita Dereva. Dereva hakukubali kiti chake cha magurudumu kisukumwe na mtu asiyejua kazi. Wahudumu wapya walishushwa cheo papo hapo kwa kukata kona vibaya. Mama Twende alijifunza kupiga honi kwa mdomo kabla ya kuingia mlango wa choo, na tangu siku hiyo alikuwa ndiye pekee mwenye leseni. Baadaye akapewa upande wa wanawake, kisha zamu nzima, kisha nyumba yote. Pampu ya maji ilipokufa, alipanga mstari wa ndoo kutoka kwenye bomba la nje hadi jikoni, na meneja wetu akajikuta amesimama katikati ya mstari huo na tai yake shingoni, amelowa mpaka magotini, akipokea amri kama sisi wengine.

Sasa niseme habari ya mkojo, maana bila hiyo huu si wasifu wake.

Wageni hudhani wazee huletwa kwetu kwa sababu ya usahaulifu au miguu. Wengi huletwa kwa sababu ya mkojo. Familia itavumilia mama kusahau majina ya wajukuu, itavumilia maneno makali, itavumilia kumlisha kwa kijiko. Godoro likilowa tena na tena, ndipo wanapoanza kuulizia namba yetu ya simu. Nyumba yetu ilinuka. Tulisugua sakafu, tukaanika magodoro, tukafungua madirisha hata wakati wa baridi, na bado mgeni akiingia mlangoni alivuta pumzi moja akaishia hapo hapo.

Kisha vikaja vidonge vya kutuliza kibofu. Daktari wetu, anayekuja kila wiki kupitia wagonjwa, alianza kwa wazee wachache, halafu wengine, hadi ikawa karibu kila aliyekuwa akilowa anakipata chake na chai ya asubuhi. Kazi yangu ilipungua mno. Mashine moja ya kufulia ilikaa bila kuwashwa hadi buibui wakaizoea. Wageni walikaa sebuleni hata saa nzima. Meneja alitabasamu. Mama Twende mwenyewe aligawa vidonge hivyo kwa moyo mweupe, kwa sababu alikuwa ameona wazee wakilia kwa aibu juu ya shuka zilizolowa, na sasa hawakulia.

Wakati huo alikuwepo bibi mmoja tuliyemwita Fundi. Alikuwa fundi cherehani. Alishona magauni ya maharusi na sare za shule za nusu ya mji huu, na alikuja kwetu kwa sababu ya nyonga na kibofu, si kwa sababu ya kichwa. Kichwa kilikuwa kizima kuliko changu. Nikimpelekea nguo zake anashika shati, analigeuza, ananiuliza, "Hii kola umeipiga pasi au umeipiga mateke?" Alikuwa na watoto wawili. Mwanawe wa kiume alifanya kazi mbali na alipiga simu kila Jumapili. Binti yake aliishi karibu na ndiye aliyekuja kumtazama.

Binti ndiye aliyeziomba dawa. Alikuja ofisini kwa Mama Twende, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, naomba mama naye apewe. Wakwe zangu wanataka kuja kumsalimia. Siwezi kukaa naye pale mbele yao akiwa vile."

Hakuna aliyemlaumu. Daktari aliandika, Fundi akapewa, akakauka. Wakwe walikuja, wakanywa chai, wakaondoka vizuri.

Baada ya miezi michache ulimi wake ukaanza kunata kinywani. Akafunga choo siku kwa siku. Akawa anasinzia sahani ikiwa mapajani. Halafu tukaanza kumwona akinyoosha vidole hewani, akivuta kitu tusichokiona, akikikata kwa meno na kukivuta tena. Nyuzi. Alikuwa anatoa nyuzi. Siku nyingine aliniuliza mimi ni mtoto wa nani na kama nimekuja kupimwa suruali. Tulitikisa vichwa tukasema ni uzee. Binti naye alisema ni uzee. Daktari akamwandikia dawa ya kumbukumbu, na dawa hiyo, kama inavyofanya kwa baadhi ya watu, ikakilegeza tena kibofu. Fundi akalowa. Dozi ya kile kidonge cha kwanza ikaongezwa. Dawa moja ilikuwa inafungua bomba, nyingine inalifunga, na mwenye bomba alikuwa katikati, anavuta nyuzi.

Katika kipindi hicho hicho mwanawe alikufa kwa ajali ya barabarani. Binti alikuja na nguo zake za msiba, akapiga magoti mbele ya kiti, akamweleza mama yake. Fundi alimsikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Huyo kijana alikuwa wa nani, maskini?" na akaomba maji. Hakupelekwa mazikoni. Wangempeleka kufanya nini?

Aliyegundua ni Mama Twende, na aligundua kwa bahati mbaya, au nzuri, sijui niiteje. Dawa ziliadimika. Duka tulilokuwa tukichukua vidonge liliishiwa kwa wiki kadhaa, na nyumba nzima ikalowa upya. Mimi nilikuwa nakamua mpaka vidole vinakufa ganzi. Asubuhi moja Mama Twende alikuwa anamvisha Fundi soksi. Fundi alimtazama kutoka juu, akamwambia, "Mwanangu, pindo la gauni lako limefumuka. Unatembea hivyo mbele za watu?"

Mama Twende alitazama. Kweli, pindo lilikuwa limefumuka. Alibaki amechuchumaa pale na soksi mkononi.

Vidonge vilirudi wiki hiyo. Kufikia mwisho wa mwezi Fundi alikuwa anavuta nyuzi tena.

Hapo ndipo ukuta wetu mwembamba uliponifaa. Nilimsikia akimwambia daktari, "Daktari, huyu mama tunamkausha kichwa pamoja na kibofu."

Daktari hakubisha. Hakuwa mtu wa kiburi. "Sista, hata mimi nimekuwa nikiwaza hivyo," alisema. "Nikiviandika vyote viwili naona kabisa vinavutana. Lakini niambie, nikiviondoa, nani atambadilisha? Mna wahudumu wawili kwa zamu."

"Tutambeba hivyo hivyo."

"Na akili yake inaweza isirudi. Huenda ni uzee kweli."

"Najua."

"Na ikirudi," daktari akasema, "ujue anarudi kwenye nini."

Meneja hakutaka kusikia. Alisema familia zinalipia nyumba safi na haiwezekani turudi tulikotoka. Mimi nilimwambia Mama Twende kwamba ataniua kwa shuka. Alinijibu kwamba atakuja kunisaidia kukamua, nikadhani ananitania. Alikuja. Alivua saa yake, akapandisha mikono ya gauni, akakamua hadi giza likaingia, na kesho yake akaja tena.

Lakini mgumu kuliko wote alikuwa binti. Yeye na Mama Twende walikaa kwenye benchi la nje ya chumba changu, karibu na kamba za kuanikia.

"Mama yangu amekauka na ametulia," binti alisema. "Mnataka alowe tena ili iwe nini?"

"Ili akujue."

Binti aliinama, akawa anakunja na kukunjua mkanda wa mkoba wake. Hatimaye akasema, "Na akinijua, dada, ataniuliza kaka yuko wapi."

"Atauliza," Mama Twende alisema. "Na nitakuwepo."

Binti aliinuka akaenda kusimama kwenye bomba la nje, akafungua maji, akanawa uso, akaendelea kusimama pale maji yakimwagika bure. Aliporudi alisema sawa.

Daktari alipunguza dozi polepole, kwanza kidonge cha kibofu, kisha cha kumbukumbu. Mama Twende alipanga safari za chooni: Fundi akiamka, akishakula, kabla ya kulala. Alimtafutia viatu visivyoteleza, akaweka taa ya kudumu kwenye korido, akasogeza kitanda chake karibu na mlango wa choo. Fundi alilowa hata hivyo, si kila siku lakini mara nyingi. Kichwa nacho kilirudi kwa vipande. Siku za wiki hazikurudi kamwe. Kilichorudi ni ulimi wake, na vidole vikaacha kuvuta nyuzi, na siku moja akamwita binti yake kwa jina lake la utotoni, lile ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Binti alitoka nje akaegemea ukuta.

Jumapili iliyofuata Fundi aliomba kiti chake kisogezwe karibu na simu.

Alikaa pale asubuhi nzima. Alikataa kwenda kula. Mchana akasema, "Mwanangu mbona hapigi?"

Mama Twende hakuwa zamu siku hiyo. Aliitwa, akaja, akampigia binti naye akaja. Mama Twende alivuta kigoda akakaa chini ili Fundi asilazimike kuinua shingo. Nilikuwa korido na rundo la taulo na sikuweza kupita.

"Mama," alisema, "mwanao amefariki. Alipata ajali."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana." Fundi alilirudia kama mtu anayepima kitambaa. "Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa hapa. Uliambiwa, mama. Lakini kuna dawa ulikuwa unapewa, na nadhani zilikuwa zimekuchukua akili."

"Nani alikuwa ananipa?"

"Mimi."

Fundi alimtazama muda mrefu. Kisha akamwambia aondoke.

Kwa majuma yaliyofuata hakupokea kitu chochote kutoka mkononi mwa Mama Twende. Chakula alikataa, maji alikataa. Akinyooshewa mkono wa kwenda chooni aligeuza uso ukutani na kujilowesha akiwa anajua anachofanya. Mama Twende aliwaagiza wahudumu wengine wamsaidie, naye akabaki mlangoni. Hakujitetea kwa mtu. Siku moja nilimkuta chumbani kwangu, amekaa juu ya kikapu cha nguo chafu, akaniuliza, "Hivi, ningemwacha tu?" Nilimpa taulo akunje, tukakunja.

Fundi alipoomba kupelekwa kaburini, aliomba kwa binti yake. Gari la nyumba lilitolewa. Nilikwenda mimi kusukuma kiti na kubeba begi la nguo za kubadilisha, na Mama Twende alikwenda kwa sababu lazima muuguzi awepo. Alikaa kiti cha nyuma kabisa.

Kaburi lilikuwa na ukingo wa saruji na jina lililopakwa rangi. Fundi alilisoma kwa kidole. Alilia kwa sauti nene ambayo sikujua anayo, mwili wote ukitetemeka, na kibofu kikaachia. Mkojo ulishuka kwenye kiti, ukashuka miguuni, ukaingia mchangani. Kulikuwa na watu wengine makaburini siku hiyo, familia nzima imevaa vizuri, wakageuka kutazama. Nilifungua begi haraka. Binti akanizuia kwa mkono. Alipiga magoti palepale kwenye mchanga uliolowa, akaikumbatia miguu ya mama yake, akaweka shavu mapajani, gauni lake zuri likilowa. Walikaa hivyo hadi kilio kikaisha chenyewe.

Fundi alimtafuta Mama Twende kwa macho. "Umenirudisha ili nije nilie," alimwambia.

"Ndiyo, mama."

"Basi nimeshalia. Njoo unishike, nataka kusimama."

Mama Twende akamshika, upande mmoja yeye, upande wa pili binti, na Fundi akasimama mbele ya kaburi la mwanawe kwa miguu yake.

Aliishi hadi msimu wa baridi uliofuata. Kifua kilimzidi. Alikufa akimjua binti yake, akiwa kwenye shuka kavu iliyobadilishwa muda mfupi kabla, na akiwa amelalamika juu ya namna ilivyotandikwa.

Wapo watakaotaka niseme kwamba baada ya hapo wazee wote waliamka. Hapana. Daktari na Mama Twende walipita kitanda kwa kitanda, mzee kwa mzee, wakipima dawa ipi inafaa na ipi inadhuru. Dereva alibaki na kidonge chake. Kilimsaidia, hakikumdhuru, na mwenyewe alitishia kugoma kama kingeguswa. Wawili watatu walichangamka baada ya kuachishwa. Wengi hawakubadilika hata kidogo: walikuwa wamepotea na kavu, wakawa wamepotea na kulowa, na familia zao zilituuliza tumepata faida gani. Kulikuwa na bibi mwingine aliyeanguka usiku na kufariki kabla hatujaanza kuvipunguza, naye alikuwa anakunywa vidonge hivyo hivyo. Hakuna atakayejua kama ndivyo vilivyomwangusha. Mama Twende hukipita chumba chake haraka.

Wahudumu wawili waliacha kazi kwa sababu ya uzito wake. Mmoja alimwambia Mama Twende usoni kwamba anawapenda wazee kuliko wafanyakazi. Lilimuuma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Aliwahi kumfokea mhudumu mbele ya watu kwa kumwacha mzee amelowa wakati wa chakula chote, hadi dada wa watu akalia. Jioni mhudumu huyo akamkuta Mama Twende anamfanyia zamu yake ili awahi kwa mtoto mgonjwa, bila kuomba radhi wala kueleza. Ndivyo alivyo.

Alichotuachia ni utaratibu ambao sasa hata meneja anautetea. Mzee akianza kulowa, hatukimbilii kabati. Tunaangalia kwanza kama ana maambukizi, kama amefunga choo, kama anakunywa dawa nyingine inayomlegeza, kama choo anakifikia na vifungo vya suruali anaviweza. Kidonge kikihitajika kinatolewa, familia inaelezwa uzuri wake na ubaya wake, na daktari anarudi kumtazama mzee mwenyewe usoni, siyo kutazama shuka tu. Nyumba yetu inanuka zaidi kidogo kuliko zamani zile za vidonge. Mgeni anayeuliza tunamweleza.

Tulipomuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa, alisema wahudumu wawili zaidi kwa kila zamu. Uongozi ulitafakari ombi hilo kwa makini na ukamnunulia saa ya ukutani. Ni saa nzuri, ina fremu ya mbao. Ataipokea Ijumaa mbele yetu sote na atatabasamu, na sisi tunaomjua tutajua tabasamu hilo linasema nini.

Dada, sisi wa chumba cha kufulia, wa jikoni, wa wodini na wa ofisini tunakushukuru kwa miaka yako na kwa mgongo wako. Kapumzishe magoti. Kalale mpaka jua liwe juu, wajukuu wakuletee chai kitandani. Tunakuombea afya, na akili timamu mpaka siku yako ya mwisho, hata kama itakuletea machozi. Na ukifika wakati nawe ukihitaji mkono wa mtu wa kukuinua, tunaomba mtu huyo awepo, na awe na nafasi.